Kutetemeka Si Kushindwa: Gofu na Somo la Presha kwa Mwanachuo

Kila semista tunaliona jambo hili. Mtu amesoma vizuri, kwenye diskasheni ndiye aliyekuwa anatuelekeza wengine, lakini akitoka kwenye chumba cha UE macho yamemjaa machozi. Mwingine koridoni anaongea kama redio, ila akisimamishwa mbele ya darasa kufanya prezentesheni sauti inakauka. Hawa si wavivu wala si vilaza, na maarifa wanayo. Kilichowakamata ni kile ambacho mtaani tunakiita mchecheto, na sijaona kozi inayokifundisha.

Katika makala haya nataka tujifunze namna ya kuishi na mchecheto kupitia mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi: gofu. Vumilia kidogo, msomi mwenzangu, utaona kwa nini nimeuchagua.

KWA NINI GOFU?

Najua ukisikia gofu unafikiria mabosi na magari makubwa yaliyopaki nje ya Gymkhana ya Dar es Salaam. Mimi nimekulia Makambako, pale barabara ya kwenda Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Gofu niliikuta Mufindi, ukipitia Mafinga, ambako kuna uwanja katikati ya mashamba ya chai. Likizo za sekondari nilikuwa nabeba mifuko ya fimbo za wachezaji, kazi inayoitwa ukedi. Kedi anaona mengi: hapigi mpira, lakini siku nzima amesimama hatua mbili kutoka kwa mtu mwenye presha.

Sasa hivi tukifunga chuo tunacheza watano, wawili wa Makambako na watatu wa Njombe. Tunafagia kipande cha ardhi ngumu, tunafukia kopo la maziwa ya unga, na hilo ndilo shimo letu. Shimo halisi la gofu lina upana wa milimita 108, kwa hiyo kopo halijakosea sana. Fimbo tunazo tatu za mtumba, tunapokezana.

Nilichojifunza ni kwamba gofu ni mchezo mgumu kichwani kwa sababu mpira umetulia. Kwenye soka mpira unakuja, beki anakuja, huna muda wa kuwaza. Kwenye gofu hakuna anayekukaba. Mzunguko wa mashimo 18 unaweza kuchukua saa nne, lakini ukijumlisha muda ambao fimbo inagusa mpira hupati hata dakika moja. Muda uliobaki wote unatembea na kichwa chako mwenyewe, na kichwa kikiachwa peke yake kinaanza kuongea.

Soka lina tukio moja linalofanana na hilo: penati. Mpira umetulia, uwanja mzima umenyamaza, na hakuna wa kumlaumu. Tunakumbuka Simba walivyotolewa na Wydad kule Casablanca Aprili 2023 kwa penati 4-3, na Yanga walivyotolewa na Mamelodi Sundowns kule Pretoria Aprili 2024 kwa penati 3-2. Waliokosa siku zile si watu wasiojua kupiga mpira mita 11. Mazoezini wanafunga hizo kila wiki.

Chumba cha mtihani ni penati ya saa tatu. Karatasi imetulia mezani, hakuna anayekusukuma, na kazi iliyobaki ni yako na kichwa chako.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Ubongo ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, tumbo linaacha kazi yake kwa muda. Ndiyo maana mdomo unakauka na unasikia kama unataka kwenda chooni. Kwa babu zetu waliokutana na simba porini mpango huu ulikuwa mzuri sana, kwa sababu ulimwandaa mtu kukimbia au kupigana.

Tatizo ni kwamba ubongo hautofautishi vizuri kati ya simba na msimamizi wa mtihani. Na kazi tunayotaka kuifanya si ya misuli mikubwa. Kusukuma mpira polepole uingie kwenye kopo ni kazi ya vidole, na kukumbuka hatua za kukokotoa ni kazi ya akili iliyotulia. Mwili umejiandaa kukimbia, wewe unautaka uandike insha.

Hata hivyo, adrenalini si adui. Tangu mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, walipofanya majaribio yao maarufu kwa panya, wataalamu wamekuwa wakijadili kwamba msisimko kidogo unasaidia utendaji, na ukizidi sana unauharibu, hasa kwenye kazi ngumu. Asiye na mchecheto hata chembe kabla ya UE huenda hajasoma, au hajali.

SOMO LA BARIDI YA NJOMBE

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, maana ndilo jambo kubwa ninalotaka uondoke nalo.

Aliyefika Njombe mwezi Juni au Julai anajua ninachosema. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukishika chuma cha fimbo unasikia kama kinakung'ata. Tunacheza huku tunatetemeka sisi wote. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema, "Ninatetemeka kwa baridi, kwa hiyo mimi sifai kwenye mchezo huu." Anasugua viganja, anavipulizia, anasubiri kidogo, anapiga. Mpira unaingia au hauingii, tunaendelea.

Sasa mtu huyohuyo mpe mpira wa mwisho, mwambie wenzake wanne wanamwangalia na akikosa ananunua chipsi za wote. Mikono inatetemeka vilevile, tena pengine kidogo kuliko asubuhi ile. Safari hii anaogopa mtetemeko wenyewe. Anaanza kujiambia, "Ona, nimeshapaniki, nimekwisha." Mchecheto wa kwanza ulikuwa wa mpira, huu wa pili ni wa kuogopa mchecheto, na huu wa pili ndio unaomaliza watu.

Mtetemeko ni uleule, kilichobadilika ni jina tulilolipa. Wa baridi tunauona ni hali ya hewa, wa presha tunauona ni hukumu.

Hili si wazo la vijana wa Makambako tu. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wanakaribia kufanya mambo ya kutia hofu, kama kuhutubia na kufanya hesabu. Waliojiambia kwamba wamesisimka walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Sababu yake inaeleweka: moyo unaokwenda mbio hauwezi kuuamuru usimame, lakini unaweza kuupa maana nyingine. Badala ya "naogopa," sema "mwili umejiandaa." Hapo hujajidanganya, maana ndicho hasa mwili unachofanya.

PRESHA INAPIGA SEHEMU MBILI

Nikiwa kedi niliona kwamba presha haiharibu mchezo kwa njia moja. Ziko mbili, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mkono. Mchezaji mzoefu anayejua kusukuma mpira mfupi bila kufikiria, siku ya mashindano anaanza kujichunguza: kiwiko kiko wapi, kifundo cha mkono kimenyooka, bega limeshuka? Anachukua kazi ambayo mkono unaijua na kuirudisha kichwani, na kichwa hakiwezi kuifanya. Ni kama kushuka ngazi huku unawaza kila hatua ya mguu, lazima utajikwaa. Mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walilichunguza jambo hili kwa kutumia gofu. Waligundua kwamba wachezaji wazoefu waliotakiwa kupiga haraka hawakuharibika, bali walifanya vizuri zaidi, kwa sababu hawakupata nafasi ya kujichunguza. Wanaoanza ilikuwa kinyume: wao walihitaji muda na umakini wa kila hatua.

Somo kwa mwanachuo liko wazi. Kama mada bado hujaielewa, kwenda taratibu hatua kwa hatua ndiyo njia. Lakini kama umeshafanya maswali ishirini ya aina ile, ukilikuta la ishirini na moja kwenye mtihani anza kuandika. Usikae dakika kumi unajiuliza kama kweli unajua.

Ya pili ni uamuzi. Mfano wake mkubwa ni Mfaransa Jean van de Velde, kwenye mashindano ya The Open ya mwaka 1999, uwanja wa Carnoustie, Uskoti. Alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Hata angetumia mikwaju sita kwenye shimo la mikwaju minne, kombe lilikuwa lake. Angeweza kupiga mipira mifupi ya salama na kwenda nyumbani bingwa. Badala yake alichagua mipigo mikubwa. Mpira mmoja uligonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye nyasi ndefu, uliofuata ukaingia kwenye kijito. Alivua viatu akaingia majini kuangalia kama anaweza kuupiga humo humo, kisha akaacha. Alimaliza na mikwaju saba, wakafungana watu watatu, na Paul Lawrie wa Uskoti akachukua kombe kwenye mashimo ya ziada.

Watu husimulia kisa hiki kama cha mtu aliyetetemeka. Mimi nakiona tofauti. Mkwaju wake wa saba, uliomwingiza kwenye mashimo ya ziada, ulikuwa wa kusukuma mpira kama mita mbili hivi, tena baada ya aibu yote ile, na aliuingiza. Mkono ulikuwa mzima. Kilichoyumba ni uamuzi uliofanywa pale pale, moyo ukiwa juu. Ndivyo inavyokuwa kwenye UE mtu anapoacha maswali matatu anayoyajua na kung'ang'ania lile gumu kwa saa nzima, ili kuthibitisha kwamba analiweza.

MAZOEZI MATANO

Haya ndiyo tunayoyafanya sisi kwenye kopo letu, na yanafanya kazi mbele ya karatasi pia.

1. Utaratibu usiobadilika. Kabla ya kila mpira fanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Mimi nasimama nyuma ya mpira, naangalia njia, napunga fimbo mara mbili, nasogea, napiga. Utaratibu unakipa kichwa kazi ndogo ya kufanya ili kisipate nafasi ya kupiga soga na hofu. Kwenye mtihani: andika namba yako ya usajili, soma maswali yote mara moja, weka alama kwenye unayoyajua, gawa dakika, anza na jepesi. Kila mtihani, hata ule wa majaribio.

2. Pumzi ndefu ya kutoka. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita. Rudia mara tano. Mapigo ya moyo hupungua kidogo tunapotoa pumzi, kwa hiyo kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta unaupa mwili ishara kwamba simba hayupo. Hofu haitaisha yote, ila itashuka mpaka pale unapoweza kufanya kazi.

3. Amua mapema, ukiwa umetulia. Panga kabla hujaingia: swali likinishinda kwa dakika kumi naliruka, mwalimu akiniuliza nisichokijua nitasema nitalifuatilia. Van de Velde angepanga usiku wa jana yake kwamba akiongoza kwa mitatu atacheza salama, huenda leo tungekuwa tunamtaja kwa mambo mengine.

4. Fanya mazoezi yenye presha. Kupiga mipira mia moja peke yako hakukuandai kwa mpira mmoja mbele ya watu. Kwetu kuna sheria: mpira wa mwisho wa siku unapigwa wote wakiwa kimya wanaangalia, na anayekosa ananunua chai na maandazi. Dau ni dogo, lakini moyo haujui hesabu, unadunda vilevile. Kwa mwanachuo: fanya maswali ya miaka iliyopita ukiwa na saa mezani, simu imezimwa, hakuna daftari. Prezentesheni ifanye kwanza mbele ya wenzako wa hosteli, na uwaombe wakuulize maswali ya kuudhi.

5. Mpira uliopita umepita. Hata wachezaji wa kulipwa wa ligi kubwa ya Marekani, kwenye umbali wa mita mbili na nusu hivi, hukosa karibu nusu ya mipira yao. Hao ni watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Kukosa kumo ndani ya mchezo, kinachotofautisha watu ni mpira unaofuata. Ukiharibu swali la kwanza, la pili halina habari.

La nyongeza kwa wenye UE karibu: mwaka 2011 Ramirez na Beilock walichapisha kwenye jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu ya mtihani walioandika hofu zao kwenye karatasi kwa dakika kumi kabla ya kuanza walifanya vizuri zaidi. Hofu ikiwa kwenye karatasi inapunguza kelele kichwani. Karatasi na kalamu unazo, jaribu.

KUTOKA KWENYE KOPO HADI UKUMBINI

Mmoja wa wale watatu wa Njombe, dada ambaye kwenye kundi letu ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko wote, mwaka jana alikuwa na zamu ya kutetea pendekezo lake la utafiti chuoni kwao. Nyumbani kwao ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Baba yake analima viazi, na wadogo zake wawili wanasubiri amalize ili naye awashike mkono. Kwake zile dakika ishirini mbele ya walimu hazikuwa dakika ishirini tu, zilibeba familia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipigia simu, akasema mikono inatetemeka mpaka hawezi kushika kikombe. Nikamuuliza, "Dada, ingekuwa Njombe saa moja asubuhi ungesemaje?" Akacheka. Akasema, "Ningesema baridi kali leo." Tukaongea utaratibu wake: atasimama wapi, sentensi ya kwanza ni ipi, akiulizwa asichojua atajibu nini. Tulipomaliza akaenda kulala.

Kesho yake alitetemeka. Aliniambia karatasi ilikuwa inapiga kelele mkononi, akaiweka mezani, akaendelea kuongea. Swali moja hakulijua, akasema atalifuatilia, kama alivyopanga. Pendekezo likapita na marekebisho. Sikusimulii muujiza. Ninachotaka uone ni kwamba hofu haikuondoka, na kazi ilifanyika hofu ikiwa bado iko chumbani.

MIPAKA YA SOMO HILI

Lazima tuseme ukweli. Pumzi ndefu hailipi ada. Kama bumu limechelewa na umelala njaa, presha yako ina chanzo kingine na inahitaji dawa nyingine. Vilevile kuna mchecheto wa siku moja, na kuna hali inayokaa wiki kwa wiki: huli, hulali, huoni maana ya kuamka. Hiyo si ya kusugua viganja. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, au mwambie rafiki akusindikize. Aliyevunjika mguu hatumwambii ajikaze, na huyu naye tusimwambie hivyo.

Pia, hakuna utaratibu unaoweza kukumbuka usichokisoma. Kwenye gofu asiyefanya mazoezi hata akiwa mtulivu kama maji ya mtungi mpira utakwenda porini.

TUFANYE NINI?

Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini mwaka 2011 aliingia siku ya mwisho ya mashindano ya Masters akiongoza kwa mikwaju minne, akaanguka vibaya kwa kupiga mikwaju 80. Miezi miwili baadaye akashinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Kombe la Masters lenyewe alilisubiri hadi Aprili 2025. Na hata siku hiyo, kwenye shimo la 18, alikosa mpira mfupi wa mita moja na nusu hivi ambao ungemaliza kazi. Ikabidi arudi kucheza shimo la ziada na Justin Rose, na hapo akashinda. Mtu ambaye dakika chache kabla ameukosa mpira wa maisha yake alisimama tena palepale na kuucheza uliofuata.

Kwa hiyo nina ombi mbili. Kwako msomi: wiki hii chagua utaratibu wako wa mambo manne au matano, uandike, uutumie kwenye kila jaribio dogo mpaka uwe mazoea. Usisubiri UE. Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi na vyama vya vitivo: tunaandaa bonanza na usiku wa vipaji, tuandae pia jioni moja kabla ya msimu wa kutetea tafiti, watu wasimame mbele ya wenzao, waulizwe maswali magumu, watetemeke mahali ambapo kukosa ni bei ya chai na maandazi tu. Ukumbi tunao, na wenye tafiti tunawajua. Kilichobaki ni kupanga tarehe.